‘Damu nyingi’ ni kiasi gani? Kasoro za swali la muuguzi

Kuuliza si ujinga, walisema wahenga. Hata hivyo, hawakusema kwamba kila swali lina jibu. Juzi muuguzi mmoja anayefanya kazi upande wa Kitui alinitumia pendekezo la mradi wa kuboresha huduma katika wadi ya kujifungulia. Alikuwa ameliandika kwa Kiswahili ili wakunga wenzake wa Kitui na Makueni walijadili bila kigugumizi, naye alitaka nimsahihishie lugha. Swali lake kuu lilikuwa hili:

“Je, huduma za akina mama zinaweza kuboreshwaje ili kupunguza visa vya kutokwa na damu nyingi?”

Ukilisoma haraka utalipenda. Lina nia njema na halikwaruzi masikio. Lakini hebu tulipasue.

Tuanze na hiyo ‘-je’ ya mwishoni mwa kitenzi. Huuliza namna, na namna hazina mwisho: kuongeza vitanda, kuajiri wakunga, kununua ambulensi, hata kupaka kuta rangi. Kila jibu ni sahihi, kwa hivyo hakuna jibu. Pili, ‘akina mama’. Katika Kiswahili chetu cha Kenya, akina mama ni wanawake wote, awe bibi kizee sokoni Wote au msichana aliyejifungua jana. Tatu, ‘kuboreshwa’. Kauli hii ya kutendwa imemficha mtendaji. Nani aboreshe? Serikali ya kaunti? Daktari? Au ni nesi wa zamu ya usiku?

Kasoro kubwa zaidi ni ‘nyingi’. Kitui na Makueni ni nchi kavu, maji huko ni mali. Hakuna anayenunua ‘maji mengi’. Watu hununua mtungi wa lita 20. Iweje basi maji yawe na kipimo na damu ya mzazi ikose? Kipimo kilichozoeleka kimataifa ni mililita 500, yaani nusu lita, ndani ya saa 24 baada ya kujifungua. Anayekisia kwa kutazama shuka lililolowa anaweza kukosea sana, na kosa hilo hugharimu uhai.

Ushahidi upo, na sehemu yake ilitoka papa hapa Kenya. Utafiti wa E-MOTIVE, uliochapishwa 2023, ulihusisha hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini, na wanawake zaidi ya 210,000 waliojifungua kwa njia ya kawaida. Katika baadhi ya hospitali, wakunga walikinga damu kwa mfuko wa plastiki wenye alama za vipimo, kisha wakatoa matibabu yote ya mwanzo kwa pamoja badala ya moja baada ya jingine. Huko, asilimia 93 ya visa vya kutokwa na damu kupita kiasi viligunduliwa. Penginepo, utaratibu ulipobaki ule wa zamani, viligunduliwa asilimia 51 pekee. Madhara makubwa, vikiwemo vifo, yalipungua kwa asilimia 60.

Utafiti huo uliwezekana kwa sababu swali lake lilikuwa na miguu minne. Richardson na wenzake waliieleza miguu hiyo mwaka 1995: mhusika ni nani, hatua gani inachukuliwa, inalinganishwa na nini, na matokeo gani yanatarajiwa. Mguu wa tatu ndio husahaulika sana, nao kwa Kiswahili una neno moja tu: ‘kuliko’.

Basi tukakaa, mimi na muuguzi wangu, tukaliandika upya:

“Je, wanawake wanaojifungua kwa njia ya kawaida katika wadi yetu watagunduliwa na kutibiwa mapema zaidi, damu ikifika mililita 500, iwapo mkunga ataikinga kwa mfuko wenye vipimo kwa miezi 6, kuliko katika miezi 6 iliyotangulia ambapo ilikadiriwa kwa macho?”

Ni refu, nakubali. Halitapendeza kwenye bango. Lakini lina mtendaji, lina kipimo, na baada ya miezi 6 litajibiwa kwa kufungua daftari la wadi. Kumbuka pia kwamba nimekwepa ‘kupima damu’, maana msomaji angefikiria maabara. ‘Kukinga’ kunatosha, ndicho kitenzi cha kila boma linaloweka pipa chini ya mabati mvua ikinyesha.

Wapo wasomi wanaodai kwamba Kiswahili hakina msamiati wa sayansi. Mbona hapa hatukuhitaji hata istilahi moja mpya? Tulichokosa ni ukali wa kujiuliza: nani, nini, kiasi gani, kuliko nini? Muuguzi wangu ameshalibandika swali lake jipya ukutani, karibu na kitanda cha kujifungulia. Lile la awali alilifuta mwenyewe.