Haitapasuka: namna tunavyosoma publisite za gitare za zamani

Bandugu na wadada wa ukurasa huu, nianze na kukiri jambo. Kwa miaka miwili kisha kupata diplome yangu, gitare ya baba mudogo ilikaa nyuma ya kabati kwetu Katuba bila mimi kuigusa. Uzi mmoja ulikatika, zingine tano zilikuwa nzima. Mtu akiniuliza, nilimujibu kwamba nangojea pesa ya gitare ya kweli. Ile gitare ya kweli sikuiona hata siku moja kwa macho yangu. Niliiona katika publisite za zamani.

Zilinifikia kwa flashi ya rafiki: numero nyingi za Guitar Player na Guitar World, magazeti ya Marekani ya miaka ya 1970 na 1980, zimepigwa picha ukurasa kwa ukurasa. Na pamoja nazo, publisite zingine za mbele zaidi, za miaka ya 1950 na 1960. Wengi wenu mumeziona, ju kila mara kuna mtu anazituma tena na kilio chini yake: tulipoteza nini, jamani! Mimi pia nililia. Nimezaliwa 1998, lakini nilikuwa na hamu ya mwaka 1964 kama mtu aliyefukuzwa mle. Leo nataka tuichunguze ile hamu, ju ndani yake kuna kitu cha kweli na kuna udanganyifu, na vinakaa karibu sana.

Kwanza nitoe heshima. Publisite zile ziko kazi nzuri, si za kuchekelea. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1950, kampuni Fender ya California ilitoa mfululizo wa matangazo yenye ahadi moja tu: hata wewe hautaachana na yako. Aliyeyatengeneza, Bob Perine, alikuwa msanii wa Laguna Beach, pembeni ya bahari, na mara nyingi alipiga picha vijana wa palepale kwao. Katika moja, kijana amesimama juu ya ubao wa kupandia mawimbi na gitare mkononi. Katika ingine, mtu ameshuka angani na parashuti, gitare iko naye. Kuna askari na gitare juu ya kifaru. Kuna mwenye kuteleza kwenye theluji, gitare haikubaki nyumbani. Na ziko gitare za umeme, lakini ampli hauioni, kabili hauioni. Mwenye kujua anajua: gitare ya umeme bila ampli inalia kama nzi ndani ya chupa. Angalieni vizuri, picha zile zote ziko za ukimya.

Njo ujanja wake. Karatasi haiwezi kukusikilizisha gitare, basi Perine hakujaribu. Aliuza kitu kingine: namna ya kuwa mtu asiyetengana na kitu chake. Unacheka, ju hakuna anayepeleka gitare mu maji, na wakati unacheka picha imekwisha kuingia ndani. Publisite ya leo inatupigia kelele mpaka tunafunga masikio. Ile ilinyamaza na kukuachia kazi ya kumaliza picha wewe mwenyewe. Kama mkosoaji, ninaivulia kofia.

Sasa angalieni tarehe. Mwanzo wa 1965, Leo Fender mwenyewe aliuza kampuni yake kwa CBS, watu wa radio na televisheni, kwa dola milioni 13. Alikuwa mgonjwa, simulaumu. Ila publisite ziliendelea kutoka. Mwenye kuzitengeneza gitare ameachana na zote kwa siku moja, na wewe msomaji unaendelea kuambiwa kwamba hautaachana na moja! Kisha pale wapigaji wengi walianza kulalamika kwamba kazi ya kiwanda imeshuka, na gitare za mbele ya CBS zikageuka mali ya kutafutwa. Watu wakaanza kununua tarehe. Sauti pia, ndiyo, lakini tarehe kwanza: wanafungua gitare na tournevis kusoma namba zilizoandikwa ndani mbele ya kuipiga.

Ile biashara ya tarehe ilifika mwisho wake 1995, wakati Fender yenyewe ilianza kuuza Relic: gitare mpya kabisa, imekwaruliwa kiwandani kwa makusudi, vyuma vimetiwa kutu, rangi imetolewa pale mkono unaegemea. Nilionyesha picha yake kwa yaya mmoja anayetengeneza radio na ampli hapa Lubumbashi, mpigaji wa zamani. Aliiangalia muda murefu.

“Banayikwarua bo benyewe?”

Ndiyo, yaya.

“Na bei inapanda?”

Inapanda.

Aliinama chini ya meza, akatoa gitare yake, ile yenye rangi yote ilishatoka tangu Mobutu. “Basi hii yangu iko bei gani?” Tulicheka sana. Kisha akanipiga na neno ambalo mpaka sasa linaniuma: “We unaangaliaka tu mapicha. Siku gani ulinipigia hata wimbo moya?”

Sikuwa na jibu. Na yeye hakungojea, akarudilia kazi yake.

Pale nilipofika nyumbani, nilirudi katika yale magazeti kwa hasira kidogo, kutafuta kama kulikuwa kitu cha kunitetea. Kiliikuwako, lakini hakikuwa katika publisite. Kilikuwa pembeni yake. Guitar Player ilianza 1967, kule San Jose, California, na kila mwezi kati ya tangazo na tangazo kulikuwa masomo: vidole viwekwe wapi, akordi hii inaelekea wapi, mpigaji fulani anafikia namna gani sauti ile. Steve Vai, kijana bado, aliandikia wasomaji noti za gitare ya Frank Zappa, vitu vya kuumiza kichwa. Kuanzia 1984 gazeti lilitia ndani sahani nyembamba ya plastiki, unaibandua, unaiweka kwenye gramofoni. Hapo sasa karatasi ikapata sauti. Na nani alilipia masomo yale? Publisite. Kwa hiyo mzee wa Marekani akisikitika kwamba Guitar Player iliacha karatasi mwaka 2024, mimi simucheki. Analilia mwalimu aliyepita kwake kila mwezi kwa njia ya posta. Ile iko hamu ya kweli.

(Isiwe tuseme kila ukurasa ulikuwa mzuri. Kwa miaka ya 1970 na 1980, publisite nyingi ziliuza nyuzi na ampli kwa mwili wa mwanamke mwenye nguo ya kuogelea, na hata gitare yenyewe hakuishika namna ya kupiga. Wadada, tunapotuma zile picha na kuandika “tulipoteza nini”, muko na haki ya kutuuliza ile “tu” ni nani.)

Kuna kitu kingine kidogo kilichonishika kuliko mapicha yote: kuponi. Pale chini ya publisite, mistari midogo ya kukata na makasi. Jina lako, adresi yako, mji, jimbo, kode ya posta. Unatuma, wanakuletea katalogi. Nilizisoma kuponi zile moja moja. Katika nyingi hakukuwa nafasi ya kuandika nchi. Hawakuwa na ubaya, hapana. Hawakufikiri tu kwamba swali linaweza kuulizwa. Mimi nilikuwa nimesikitikia kwa miaka miwili mlango ambao jina la mji wangu haliingii katika mistari yake.

Hata hivyo si kweli kwamba Afrika haikuwa katika habari hii. Gitare moja ya publisite iliyojulikana kuliko nyingi ilitoka bara letu. Mwaka 1957 kijana John Lennon wa Liverpool alikuwa na gitare ya bei ndogo ya kuagiza kwa posta, ile iliyotangazwa magazetini. Ilikuwa Gallotone Champion, ya kampuni Gallo ya Afrika ya Kusini, na ndani ya tundu lake kulikuwa kikaratasi chenye ahadi: tunakuhakikishia haitapasuka. Kwa nchi ya joto, ahadi ile iko na maana, mbao zinakauka na kufunguka. Kwa Liverpool yenye mvua sijui iliwasaidia nini. Na gitare ile alikuwa nayo tarehe 6 Julai 1957, siku alipojuana na Paul McCartney katika sikukuu ya kanisa. Mwaka 1999 iliuzwa mnadani London kwa zaidi ya pauni 140,000. Angalieni kwamba hakuna aliyesema inalia vizuri.

Sasa kampuni ile ile, Gallo, na jina lile lile, Gallotone, njo lilikuwa kwenye sahani za Mwenda Jean Bosco wetu. Hugh Tracey alimurekodi mwaka 1952 kule Jadotville, leo tunaiita Likasi. Kidole gumba na kidole cha shahada, vidole viwili, na unasikia kama watu wawili wanaongea bila kukatana neno. Kama kulikuwa mtu wa kuandikiwa masomo kila mwezi katika gazeti la gitare, alikuwa yule. Somo liliandikwa, ni kweli: David Rycroft alichambua vidole vya Bosco noti kwa noti katika jarida African Music, 1961 na 1962. Lakini lile lilikuwa jarida la maprofesa. Halikuwa na kuponi, wala kijana wa Likasi hakulipata.

Na publisite? Bosco alifanya publisite! Mwisho wa miaka ya 1950 yeye na Edouard Masengo, mwana Katanga mwenzake, walifika Nairobi. Gitare ya Bosco iliimba kwa ajili ya Aspro, dawa ya kichwa. Ya Masengo iliimba kwa ajili ya Coca-Cola. Nilipounganisha habari hii na zile picha za Perine, nilikaa chini. Ni miaka ile ile. Kule California gitare inaonekana na haisikiki. Huku kwetu inasikika na haionekani. Kule sauti haina kazi, mwili wa gitare njo unauzwa. Huku mwili wa gitare hauna maana kwa mwenye kulipa, anataka tu ile sauti imupelekee vidonge na soda mpaka kijijini. Hakuna aliyefikiri kwamba mtu anayesikiliza Bosco kwenye radio anaweza kutaka kununua, si kidonge, bali gitare. Na walitaka! Muulize mzee yeyote: walikata kopo la mafuta, wakatafuta ubao, wakafungulia waya wa freni ya kinga kuzifanya nyuzi, wakapata banjo. Publisite ya gitare iliyofaulu zaidi mu Katanga haikulipiwa na kampuni hata moja ya gitare.

Hapa njo ninakosana na rafiki yangu wa flashi, tunabishana mpaka leo. Yeye anasema hamu haina dhambi, mtu yuko huru kupenda picha ya zamani hata kama haikupigwa kwa ajili yake. Ninakubali. Sinema pia hazikupigwa kwa ajili yetu na tunazipenda. Lakini ile hamu ilinifanyia kitu: ilinifundisha kuona gitare kwa macho tu. Urithi wao wa miaka ile uko wa karatasi, unatumwa kwa urahisi kwa telefone, unapendeza. Wetu uko wa sauti, na mwingine unakaa katika vidole vya wazee wasiojua kama tunauhitaji. Tukiendelea kupima kwa macho, kila mara tutaonekana hatukuwa na kitu. Na baba mudogo, aliyeniacha na gitare, alijua kupiga kwa vidole viwili. Sikumuomba anionyeshe wakati angali hai. Nilikuwa nasoma publisite.

Nimenunua uzi. Kwa gumba naanza kufika, kidole cha shahada bado kinachelewa, yaya wa ampli anasema kinatembea kama mtu aliyeamka usiku kutafuta viatu. Zile picha sikuzifuta, ya kijana juu ya mawimbi iko mu telefone yangu mpaka sasa.

Na jana, wakati nilifunga ule uzi, niliwasha taa ya telefone nikaangalia ndani ya tundu. Kuna kikaratasi. Mende wamekula sehemu kubwa, zimebaki herufi tatu na namba, siwezi kujua ni ya kiwanda gani. Kama kwenu kuna gitare ya mzee, angalieni ndani, mupige picha, muitie hapa chini. Na kama mzee mwenyewe yuko, mumupatie kwanza gitare mkononi, murekodi, halafu njo mupige picha ya kikaratasi.