Kamworor alivyorudi: mfupa kwanza, pumzi baadaye

Machi 26, 2016, mjini Cardiff, Mkenya Geoffrey Kamworor aliteleza na kuanguka pale pale kwenye mstari wa kuanzia mbio za dunia za nusu-marathoni. Aliinuka magoti yakivuja damu, akawafukuza waliomtangulia, na akafika wa kwanza kwa dakika 59 na sekunde 10, mbele ya Bedan Karoki na Mo Farah. Mashabiki bado wanaisimulia siku ile, na wana haki. Lakini anayetaka kujua mkimbiaji hutokaje kwenye jeraha ataambulia kidogo huko Cardiff, kwa kuwa pale ujasiri ulihitajika kwa muda usiofika saa moja. Somo zito lilikuja miaka minne baadaye.

Juni 2020, akiwa kwenye mazoezi ya asubuhi, Kamworor aligongwa na pikipiki. Mfupa wa muundi ulivunjika, akafanyiwa upasuaji. Septemba iliyotangulia alikuwa ameweka rekodi ya dunia ya nusu-marathoni kule Copenhagen, dakika 58 na sekunde 1, na Novemba akashinda marathoni ya New York kwa mara ya pili.

Mfupa wa muundi wa mtu mzima kwa kawaida huchukua miezi minne hadi sita kuunga, wakati mwingine zaidi, na bidii ya mwenye mguu haiwezi kuuharakisha. Misuli ya paja na ya kigimbi hunywea ndani ya wiki chache tu za kulala. Moyo na mapafu vina nafuu: baiskeli ya mazoezi na kukimbia ndani ya maji huvitunza, na mazoezi yakianza tena, pumzi hurudi upesi kuliko mguu. Hatari yenyewe iko hapo. Mkimbiaji hahemi, hivyo anajiona amepona, anaongeza kasi, kumbe mfupa na kano bado vinajijenga. Wengi ninaowaona wakiumia mara ya pili huumia katika kipindi hiki, wakati wanajisikia vizuri kabisa.

Kamworor alirudi mashindanoni mwaka 2021. Juni 18, kwenye mchujo wa Olimpiki uwanjani Kasarani, Nairobi, alishinda mita 10,000 kwa 27:01.06. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa nyepesi humnyima mkimbiaji wa masafa marefu sehemu ya nguvu zake, na muda huo ungemtia hofu mpinzani yeyote. Tiketi ya Tokyo ikawa mkononi. Kisha kifundo cha mguu kikaumia, naye akajiondoa kwenye timu.

Kwangu mimi, kujiondoa huko ndiko kulikofanywa kwa ustadi kuliko yote. Kukosa Olimpiki baada ya mwaka mzima wa kujiuguza kunauma mno, na kishawishi cha kudungwa sindano ya maumivu na kujaribu bahati ni kikubwa. Yeye alisubiri, na Desemba ya mwaka huo huo alikimbia Valencia akamaliza wa nne kwa 2:05:23, muda wake bora wa marathoni hadi siku hiyo. Aprili 2023 alikuwa wa pili London, 2:04:23, nyuma ya Kelvin Kiptum.

Subira ya namna hiyo ni vigumu kuipata ukiwa peke yako chumbani. Kamworor ni mtu wa kambi ya Kaptagat, iliyo kwenye mwinuko wa mita 2,400 hivi, chini ya kocha Patrick Sang. Wanariadha hulala kambini siku za wiki na kurudi kwa familia zao mwishoni mwa wiki. Kazi za usafi ni za wote: Eliud Kipchoge, bingwa wa Olimpiki mara mbili, husugua vyoo kama mwenzake yeyote. Utaratibu huu unaonekana mdogo, lakini maana yake ni kwamba nafasi ya mtu kambini haipimwi kwa saa ya kocha. Tena pale kuna wanaojua kukwama ni nini. Kipchoge huyo huyo alikosa timu ya Kenya ya Olimpiki ya mwaka 2012, akahamia marathoni, na mwaka uliofuata akashinda Hamburg.

Vikundi vyetu vya mbio za Jumamosi, Nairobi, Arusha au Dar es Salaam, vingi hufanya kinyume. Aliyeumia huandikiwa "pole" nyingi kwenye kundi la WhatsApp siku ya kwanza, halafu kimya. Akirudi, hukuta wenzake wako mbali, naye hujilazimisha kuwafikia wiki ile ile.

Kama kikundi chako kina mtu wa hivyo, mpigie leo. Jumamosi mpeni saa na chupa za maji, akae kwenye kona ya kilomita ya tano awasomee muda. Daktari akimruhusu kukimbia, pangeni zamu: kila wiki mmoja aache mazoezi yake na akimbie naye kwa mwendo anaouweza yeye, hata kama ni dakika nane kwa kilomita. Na akitaka kuongeza kasi kabla ya wakati, huyo wa zamu awe na ubavu wa kumwambia hapana.