Askari wa Risasi na Mzigo Usiopakwa Rangi

Kiswahili kina neno moja kwa vitu viwili. Risasi ni yale madini laini ambayo mvuvi huyafanya chubwi ili nyavu zake zizame, na risasi ni kile kitokacho mdomoni mwa bunduki. Kwa miezi kadhaa sasa, katika chumba cha uani cha jirani yangu hapa Sinza, nimekuwa nikizitazama maana hizi mbili zikikutana juu ya meza moja. Kijana wa nyumba hiyo hupaka rangi askari wadogo wa mchezo wa vita, wachache wa risasi ya zamani, wengine wa bati, wengi wa plastiki, kila mmoja akiwa na kimo cha milimita 28 hivi. Hakufundishwa na mtu. Nami katika ushairi na tafsiri sikuwa na mwalimu ila vitabu vya watu na masikio yangu, basi tulielewana upesi.

Msomaji asistaajabu kuona jarida la mashairi likitoa kurasa zake kwa vitu ambavyo wengi watavihesabu kuwa vya watoto. Kazi hii ina fani yake na ina maudhui yake, na kitu chenye hayo mawili kinastahili kuhakikiwa. Nitaanza na fani, maana huko ndiko kuliko na sifa nyingi zaidi.

Askari huja uchi, rangi ya kijivu. Kijana humwosha kwa sabuni, humkwangua mishono iliyoachwa na kalibu, kisha humpulizia rangi ya msingi, ambayo yeye huinunua kwa mafundi wanaopuliza magari. Hapo humgandisha juu ya kizibo cha chupa ili amshike bila kumgusa. Rangi ya nguo hutangulia. Ikikauka, humiminiwa rangi ya giza iliyozimuliwa kwa maji, nayo hutiririka yenyewe hadi kwenye mikunjo na kukaa humo mfano wa kivuli. Mwisho huja brashi kavu, iliyofutwa karibu rangi yote, ikapitishwa juu juu ili kingo za shati, pua na vifundo vya vidole vishike mwanga. Jua la chumbani humwangukia mtu mkubwa lenyewe. Mtu wa milimita 28 ni mdogo mno kuweza kulipata, kwa hiyo jua lake lazima achorewe.

Maneno haya ya mwisho ni yake kijana, nami nimeyafikiria sana. Mtunzi wa utenzi hana nafasi ya kueleza jua. Ana mizani nane katika kila kipande, na vipande vinne, na kina cha kumfunga. Akitaka msomaji alione jua, hana budi alichore kwa neno moja. Shaaban Robert alivitia vita vikuu vya pili vya dunia katika umbo hilo dogo, katika Utenzi wa Vita vya Uhuru, na aliyeusoma anajua kwamba udogo wa ubeti hauwi udogo wa jambo. Sanaa ya kupunguza ina sheria moja kote: kinachobaki kibebe uzito wa kilichoondolewa. Sheria hiyo nitairudia hapa chini, kwa sababu ndiyo iliyonifanya niandike.

Kuna watakaosema kwamba sanamu ya kupakwa rangi si sanaa. Ukitoka Sinza kwa miguu ukaenda kwa wachonga vinyago wa Mwenge, utaona mpingo ukisuguliwa hadi ung'ae kwa weusi wake wenyewe, na fundi akikuambia kwamba rangi huficha makosa ya mkono. Lakini George Lilanga, Mmakonde wa Masasi aliyefanya kazi Nyumba ya Sanaa jijini hapa na kufariki mwaka 2005, aliwapaka mashetani wake wa mbao nyekundu, buluu na manjano, na dunia ikamwelewa. Tena sisi tulio na bao hatuwezi kujifanya wageni wa vita vya mezani. Kete 64, mashimo 32, watu wawili wanaotekana huku wakinywa kahawa: hayo ni mapigano, ila sisi hatukuzipa kete nyuso.

Huko Uingereza mwandishi H. G. Wells ndiye aliyeuandikia mchezo huu wa askari wadogo kanuni zilizosomwa na wengi, katika kitabu chake Little Wars cha mwaka 1913. Hoja yake ya kumalizia ilikuwa njema: anayeucheza mara chache tu atatambua jinsi vita vya kweli vilivyo upumbavu mkubwa. Mwaka uliofuata vita hivyo vikaja. Havikuishia Ulaya, vilifika kwetu.

Na ndivyo hivyo alivyovichagua kijana wa Sinza. Wenzake wa nchi nyingine, ambao hutumiana naye picha na kusahihishana kwa upole unaonikumbusha mabaraza ya washairi wa zamani, hupenda majeshi ya Napoleon au majini ya hadithi za kubuni. Yeye alisema atapaka vita vya nyumbani. Mezani pake ipo Tanga ya Novemba 1914, pale jeshi la Waingereza lenye watu wapatao 8,000, wengi wao Wahindi, liliposhindwa na watu 1,000 hivi wa von Lettow-Vorbeck, na nyuki nao wakaingia vitani. Wasomaji wa Unguja wana kumbukumbu yao ya vita hivyo: tarehe 20 Septemba mwaka huo huo manowari ya Kijerumani Königsberg iliizamisha Pegasus ya Waingereza mbele ya mji, na mabaharia wake wako makaburini katika kisiwa cha Chapwani.

Nimewahesabu askari wake wa Kijerumani: 40. Nakiri kwamba sijaona mkono mtulivu kama huu. Tarbushi zimefunikwa kitambaa cha kaki chenye kishungi cha kukinga shingo, na mbele yake tai wa fedha asiyezidi punje ya mtama. Bunduki ni za mtindo wa mwaka 1871, zile zilizotoa moshi mwingi, naye ameweka vifundo vya pamba midomoni mwake. Hata ngozi hazifanani: yupo wa rangi ya kahawa, yupo wa udongo, yupo mweusi anayeelekea buluu. Watu wa mbali huwapaka Waafrika wote kwa kikopo kimoja cha hudhurungi, akaniambia, wala hakusema kwa hasira. Huo ni uhakiki wa kweli, na jibu lake ameliweka mezani.

Jioni moja nilimuuliza swali ambalo halikuwa la fani.

"Mwanangu, hawa wanakula nini?"

Akacheka. "Mzee, hawa ni bati."

"Na risasi za bunduki zao zimefikaje Tanga? Nani kazibeba?"

Akanyamaza kidogo. "Wapagazi. Lakini wapagazi hawapigani, mzee. Kwenye mchezo hawana kazi."

Hakukosea. Mchezo wa vita huhesabu wenye silaha. Wapagazi hutengenezwa na kuuzwa pia, hususan katika seti za safari za Wazungu wa karne ya 19, lakini anayepanga mapigano huwaona kuwa mapambo. Ila vita vya 1914 hadi 1918 katika nchi hizi vilitembea juu ya vichwa vya watu. Mbung'o waliua farasi na nyumbu, barabara hazikuwapo, reli zilikuwa chache. Wanahistoria hukadiria kwamba pande zote zilitumia wapagazi wapatao milioni moja. Waliokufa miongoni mwao wengi hawakupigwa risasi: walikufa kwa kuhara damu, malaria, njaa na uchovu. Nyuma yao vijiji vilibaki bila mikono ya kulima na bila nafaka. Huko Ugogo njaa ya Mtunya ya 1917 hadi 1920 ni mtoto wa vita hivyo.

Sasa nairudia ile sheria. Mtu akipunguzwa mara 60, kila kitu chake kipunguzwe pamoja naye: kishungi, tai, kifungo, na mzigo. Meza hii imepunguza kishungi kwa uaminifu wa ajabu, na mzigo imeufuta. Katika ushairi tungesema mizani imetimia, vina vimelingana, na maana haijafika. Hilo ni kosa la maudhui ambalo ubora wa fani hauliponyi. Kwa kweli hulizidisha, maana jicho likishibishwa vifungo halitafuti tena kilichokosekana.

Na si kosa la kijana peke yake. Katikati ya jiji, pale iliposimama zamani sanamu ya Mjerumani Wissmann, Waingereza walimweka mwaka 1927 askari wa shaba aliyeelekeza singe mbele. Kila dereva wa Dar es Salaam anamjua. Maandishi ya chini yake yanawataja wapagazi, shaba haiwataji. Nairobi, ambako sanamu ya aina hiyo iliwekwa mwaka uliofuata, mpagazi alipewa mwili wake karibu na askari. Kwetu aliachiwa herufi. Na mwaka 2021 tume ya Uingereza inayotunza makaburi ya vita ilikiri katika ripoti yake kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, na huenda hawakukumbukwa kabisa.

Lakini lililonichoma zaidi lilikuwa dogo. Nilimuuliza brashi zake nyembamba huzipata wapi. Akasema Kariakoo. Hakukuwa na mwingine chumbani wa kucheka nami. Kariakoo ni jina la wapagazi hao hao, la kikosi chao kwa Kiingereza likitamkwa na vinywa vyetu, kwa kuwa kambi yao ilikuwa pale baada ya Waingereza kuutwaa mji mwaka 1916. Tunapanda daladala kwenda katika jina lao, tunanunua rangi katika jina lao, tunarudi Sinza kuwapaka wengine.

Sitaki msomaji adhani namkaripia kijana, wala kwamba meza ya mchezo igeuzwe hotuba. Mchezo una haki ya kuwa mchezo, na usiku mwingi nimekaa pale nikifurahi kama mtoto, nikishindwa Tanga kwa upande wa Waingereza jinsi wao walivyoshindwa. Ninachodai ni kile ninachokidai kwa mtunzi yeyote: asiwe mwaminifu kwa vifungo na mwongo kwa watu.

Wiki iliyofuata nilimpelekea komwe za bao langu, zote 64. Nilimwambia azipange nyuma ya askari wake, kila komwe ikiwa mpagazi mmoja. Akazipanga. Zilifika mwisho wa meza, naye alijua kama nijuavyo kwamba bado zilikuwa pungufu. Kila rafiki aliyeingia chumbani tangu siku ile ameacha kutazama tai wa fedha na kuuliza kwanza: hizi komwe ni nini? Kama ningetoa tuzo, ningeitoa kwa meza ile ilivyokuwa jioni hiyo, ingawa nusu yake haikuwa na rangi.

Tangu hapo ameanza kuwafinyanga mwenyewe, kwa waya na ile gundi ngumu ya mafundi bomba, mmoja badala ya komwe moja. Wa kwanza hakuwa mzuri: mzigo wake ulikaa kichwani kama kofia, na shingo haikuonyesha kwamba unalemea. Nilimwambia hivyo, naye akauvunja akaanza upya. Wa pili ameinamisha kidevu na mkono mmoja umeinuka kushika kamba. Nguo yake ni kipande cha kaniki, kisicho na kifungo cha kuchora, kwa hiyo kazi yote imebaki usoni. Amemaliza saba. Komwe zangu 57 bado ziko kwake, na sijamwomba anirudishie.