Unga wa Fundi

Pale Lorugum, magharibi mwa Lodwar, kuna mzee anayeunga fremu za baiskeli na vipuri vya pampu kwa gesi na fimbo ya brasi. Kabla ya kuwasha moto husugua kiungo kwa tupa mpaka king'ae, kisha hunyunyiza boraksi. Wapitanjia huduwaa kwa ule moto. Mimi nausifu ule unga.

Moto ukiupata, unga hufura na kutoa povu, maji yaliyomo yakitoka. Kisha hutulia, ukayeyuka na kuwa kioo chepesi kinachotambaa juu ya chuma. Kioo hicho humeza kutu na kuizuia hewa isilete nyingine. Mzee hana kipimajoto. Husubiri kioo kitulie, ndipo aguse kwa fimbo, na brasi hukimbia yenyewe ndani ya ufa mpaka ikatokea upande wa pili. Sijachoka kuitazama.

Boraksi ina mpaka wake: utando wa oksidi ya alumini haiuwezi. Katika usafishaji wa alumini iliyoyeyuka hutumika jamaa yake mkali, boroni trikloridi, inayoondoa oksidi, naitridi na kabidi. Imetumika pia kusafishia viungo vya kulehemu. Hiyo si ya kuchezea. Huchemka kwenye nyuzi 12.6 hivi za selsiasi, baridi ambayo Lodwar haijaizoea hata usiku wa manane, hivyo huku ingekuwa gesi tupu isipofungiwa mtungini. Ikikuta unyevu, wa hewani au wa pua ya mtu, hufuka moshi mweupe wa asidi ya haidrokloriki na kuacha asidi ya boriki, ndugu mpole wa unga wa mzee.

Kote huko, kiwandani na Lorugum, msingi ni ule ule: safisha kwanza. Lakini kwenye njia ya kwenda Kakuma nimeona elektrodi ikibandikwa juu ya rangi na kutu, kisha kiungo kinapakwa rangi mpya. Kinaachia malishoni, mbali na fundi yeyote. Na hii ni nchi ya abarait, kisu cha duara kinachovaliwa kwenye kifundo cha mkono, ambapo uzembe wa mhunzi humkata mvaaji mwenyewe!

Mzee hana mwanafunzi. Na sisi wateja tumechangia: tunauliza bei kabla ya kukigeuza kitu tukakiona upande wa nyuma.