Hitilafu na Hila: Uhakiki wa Insha ya Dan Abramov juu ya Ukaguzi wa Vifurushi

Mnamo Julai 2021, Dan Abramov, ambaye wakati ule alikuwa mmoja wa watungaji wa React katika Facebook, alitoa insha yenye kichwa "npm audit: Broken by Design". Insha hiyo ilisomwa sana na wajenzi wa tovuti, na baadhi yao wameichukua kuwa ruhusa ya kupuuza maonyo yote ya usalama. Yafaa kutenganisha yale ambayo insha inayathibitisha na yale ambayo wasomaji wameitwisha.

Tovuti ya siku hizi haijengwi kwa mkono mmoja. Mjenzi huandika sehemu ndogo, na sehemu kubwa huichota katika ghala la npm, ambamo kifurushi kimoja cha programu huvuta vingine, navyo huvuta vingine tena, hata mradi mdogo wa mwanafunzi ukawa na mamia ya vifurushi vilivyotungwa na watu asiowajua. Tangu 2018 npm ina amri inayolinganisha vifurushi hivyo na orodha ya kasoro zilizokwisha kutangazwa, kisha ikatoa hesabu: kadhaa za wastani, kadhaa kali.

Abramov anachukua mradi mpya wa React na kuyapima maonyo yake moja baada ya jingine. Onyo mojawapo lasema kwamba programu fulani yaweza kukwama ikipewa matini iliyotungwa kwa ubaya. Lakini programu hiyo hutumika kwenye kompyuta ya mjenzi peke yake, na matini inayoisoma imeandikwa na mjenzi huyohuyo. Je, atajivamia mwenyewe? Hapa ndipo penye nguvu ya insha. Inauliza kasoro iko wapi, na ni nani anayeweza kuifikia. Maswali hayo amri ya ukaguzi haina uwezo wa kuyauliza, kwa kuwa inajua jina la kifurushi na namba ya toleo lake, basi.

Hata hivyo, hoja hiyo inahusu hitilafu, yaani kosa la mtungaji mwaminifu ambalo mtu wa nje huweza kulitumia. Haifai kuhamishwa ili ipime hila. Mwezi wa Oktoba 2021, miezi mitatu tu baada ya insha kutoka, akaunti ya mtungaji wa ua-parser-js, kifurushi kinachotambua aina ya kivinjari cha msomaji, ilitekwa, na matoleo matatu yenye sumu yakatolewa kwa jina lake. Sumu hiyo haikungoja tovuti ifunguliwe. Ilianza kazi wakati kifurushi kilipokuwa kikisakinishwa, kwenye kompyuta ileile ya mjenzi, ikaitumia kuchimba sarafu za kidijitali na, penye Windows, kuiba maneno ya siri. Kwa hitilafu, kompyuta ya mjenzi ni mahali salama kiasi. Kwa hila, ndiyo mlango wa kwanza. Anayetaka kupima hatari kwa dhati hana budi kuuliza pia ni watu wangapi wenye ufunguo wa kutoa toleo jipya, na kama kifurushi kinaruhusiwa kuendesha amri zake kinaposakinishwa.

Sehemu ya mkanganyiko huu ni ya kilugha. Kiingereza kina neno moja kwa hali ya kutegemea na kwa kitu kinachotegemewa, na baadhi ya watafsiri hulifuata bila kufikiri, wakikiita kifurushi "tegemezi". Kiswahili kinatenganisha: anayeegemea ni mtegemezi, na kinachoegemewa ni tegemeo. Mradi ndio mtegemezi. Kifurushi ni tegemeo lake. Si ubishi wa wanaleksikografia tu. Neno "tegemezi" humfanya mjenzi aonekane mlezi wa vifurushi, ilhali ni vyenyewe vinavyombeba.

Kisa cha event-stream, cha 2018, chaonyesha tegemeo linavyoweza kubadili mwenyewe bila mtegemezi kujua. Mtungaji wake hakuwa akikitumia tena, akamkabidhi mgeni aliyejitolea kumsaidia. Mgeni huyo aliongeza kifurushi kingine, flatmap-stream, ambamo baadaye palifichwa maandishi yaliyofumbwa. Ufunguo wa kuyafumbua ulikuwa maelezo ya mradi wenyewe uliokipakia: katika miradi mingine maandishi yalibaki fumbo lisilo na madhara, na katika Copay, pochi ya sarafu za Bitcoin, yakafumbuka na kutafuta funguo za wenye fedha. Ni matini iliyomchagua msomaji wake. Amri ya ukaguzi ilikuwapo tayari mwaka ule, lakini haikuwa na la kusema, kwa sababu hakuna aliyekuwa ametangaza lolote.

Kilichoifichua hila hiyo, mwezi wa Novemba, ni onyo dogo lililosema tu kwamba njia fulani ya kufumbua maandishi imepitwa na wakati. Halikuwa onyo la usalama wala halikuwekwa katika daraja lolote la ukali. Ila kulikuwa na waliojiuliza kwa nini kifurushi cha kazi za kawaida kifumbue maandishi, wakafuata nyayo hadi flatmap-stream.