Uhakiki wa Vigezo vya Utangamanifu wa Kiufundi katika Ununuzi wa Programu za Kusimamia Hati za Kiswahili

Makala haya yanahakiki vigezo vya utangamanifu wa kiufundi ambavyo taasisi za elimu na za kumbukumbu huviweka zinaponunua programu za kusimamia hati. Hoja inayotetewa ni kwamba vigezo hivyo, kama vinavyoandikwa katika hati za zabuni, hupima uhusiano baina ya programu na mashine, ilhali huuacha kando uhusiano baina ya programu na maandishi yatakayohifadhiwa humo. Pengo hilo halionekani siku ya kukabidhiwa mfumo. Huonekana miaka kadhaa baadaye, mtafiti anapotafuta neno ambalo anajua limo, akaambiwa halimo.

Istilahi yenyewe inahitaji kutazamwa kwanza. Wanaoandika kuhusu TEHAMA kwa Kiswahili hutumia upatanifu, utangamanifu na uoanifu kwa maana zinazokaribiana. Nimechagua utangamanifu ili kuepuka mkanganyiko na upatanisho wa kisarufi, ingawa ni upatanisho huohuo unaotoa mfano mzuri wa jambo hili. Hatuwezi kusema kwamba kiambishi ki- ni sahihi au si sahihi kabla ya kuijua nomino inayokitawala. Vivyo hivyo, programu haiwezi kuwa tangamanifu ikiwa peke yake. Ni lazima tuulize inatangamana na nini, na kwa muda gani. Hati za zabuni nilizopata kuzisoma hulijibu swali la kwanza nusunusu, na la pili hazilijibu kabisa.

Kwa kawaida hati hizo huuliza kuhusu mfumo endeshi wa seva, aina ya hifadhidata, vivinjari, skana zilizopo, barua pepe na orodha ya watumiaji wa taasisi. Maswali haya si ya kupuuzwa, kwa kuwa programu isiyoweza kuzungumza na skana iliyopo huilazimu taasisi kununua nyingine, na gharama hiyo haimo katika bei iliyotajwa na mzabuni. Udhaifu wake ni kuuchukulia utangamanifu kama hali ya siku moja. Mfano ulio wazi ni wa Mamlaka ya Mapato ya Afrika Kusini. Baadhi ya fomu zake za kielektroniki zilitegemea teknolojia ya Flash, na kampuni ya Adobe iliacha kuihudumia teknolojia hiyo tarehe 31 Desemba 2020. Januari 2021 mamlaka hiyo ililazimika kutoa kivinjari chake yenyewe ili walipakodi waendelee kuzifungua fomu hizo. Hakuna aliyenunua kitu kibovu hapo. Fomu zilitangamana na vivinjari vya wakati wake. Vivinjari ndivyo vilivyohama. Hali ikawa hiyohiyo kwa taasisi zilizofunga programu za kuskani ndani ya Internet Explorer, kivinjari ambacho Microsoft ilikistaafisha rasmi katika mifumo mingi ya kompyuta za mezani mwezi Juni 2022.

Viwango vya kimataifa vimejaribu kuliziba pengo hili. Kiwango cha Wizara ya Ulinzi ya Marekani kijulikanacho kama DoD 5015.2 kilitolewa mwaka 1997. Maelezo ya mahitaji ya Ulaya, MoReq, yalitoka mwaka 2001, yakafuatwa na MoReq2 mwaka 2008 na MoReq2010. Ni katika hili la mwisho ambapo suala la kuhamisha kumbukumbu kutoka mfumo mmoja kwenda mwingine lilipewa uzito unaostahili. Mwaka 2010 shirika la OASIS nalo liliidhinisha CMIS, kiolesura cha pamoja kinachoiwezesha programu moja kusoma na kuandika katika hazina ya programu nyingine. Nakubaliana na mwelekeo wa juhudi hizo. Hata hivyo, zote zinaichukulia hati kama kifurushi: lina kichwa, lina tarehe, lina mmiliki, lina muda wa kuhifadhiwa. Kilichoandikwa ndani ya kifurushi huhesabiwa kuwa kimekwisha kusalimika maadamu faili limefika. Kwa hati za Kiingereza dhana hiyo haileti madhara makubwa. Kwa Kiswahili inaleta, na nitaanza na alama moja ndogo.

Alama hiyo ni kibainishi cha ng'. Katika Unicode, kibainishi hicho kinaweza kuandikwa kwa njia tatu zinazofanana machoni: alama iliyonyooka ya kibodi, yenye msimbo U+0027, alama iliyopinda ya kufungia nukuu, U+2019, ambayo programu nyingi za kuandikia huiweka zenyewe bila kumwuliza mwandishi, na herufi ya kurekebisha sauti, U+02BC, ambayo kwa mtazamo wa kiisimu ndiyo inayofaa zaidi kwa kuwa inahesabiwa kuwa herufi na si alama ya uakifishi, lakini haimo katika kibodi za kawaida. Tasnifu moja inaweza kuwa na mbili za kwanza katika ukurasa mmoja, kwa sababu sura moja iliandikwa katika kompyuta na nyingine katika simu. Msomaji haoni tofauti. Mashine inaona. Baadhi ya injini za utafutaji hulikata neno ng'ombe vipande viwili kwenye kibainishi; nyingine hulihifadhi zima lakini huyahesabu maumbo hayo kuwa maneno tofauti, hivyo anayetafuta kwa umbo moja hapati yaliyoandikwa kwa jingine. Kukifuta kibainishi, suluhisho ambalo mafundi hulipendekeza kwa wepesi, kunaiharibu lugha: ng'oa ni kitenzi cha kutoa kitu kwenye mizizi, na ngoa ni wivu au uchu. Mtafiti wa ushairi wa mapenzi hawezi kukubali kuletewa vyote viwili kwa pamoja. Suluhisho linalofaa ni kuzisawazisha alama hizo wakati wa kujenga faharasa pekee, bila kuligusa faili asilia. Ni kazi ndogo kwa anayejua kwamba inahitajika, na kwa hiyo inapasa kuandikwa katika mahitaji. Sijaiona ikiandikwa popote.

Suala la pili ni umbizo la faili. Zabuni nyingi sasa hudai PDF/A, na wanaodai hivyo huamini wamemaliza kazi. Kiwango cha kwanza cha PDF/A, yaani ISO 19005-1, kilitoka mwaka 2005 kikiwa na daraja mbili. Daraja b inahakikisha kwamba ukurasa utaonekana vilevile siku zote, basi. Haidai kwamba kila umbo la herufi liweze kurejeshwa kuwa herufi inayojulikana. Daraja a inadai hivyo na pia muundo wa matini. Sehemu ya pili ya kiwango hicho, ya mwaka 2011, iliongeza daraja u, inayodai herufi zote ziweze kurejeshwa katika Unicode bila kulazimisha muundo. Ina maana kwamba faili linaweza kutimiza kiwango cha kimataifa, likapita kila jaribio la mzabuni, na bado likawa picha nzuri ya maandishi yasiyotafutika. Zabuni inayosema "PDF/A" bila kutaja daraja haijasema jambo la maana.

Madhara yake huonekana vizuri zaidi katika maandishi ya Kiswahili kwa hati ya Kiarabu, na hapa naomba kukaa kidogo, kwa kuwa ndiyo sababu ya mimi kuingia katika mjadala ambao watu wa fasihi huwaachia wahandisi. Miswada ya aina hiyo imehifadhiwa katika maktaba mbalimbali, ikiwemo ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambayo miswada na kanda zake ziliorodheshwa na J. W. T. Allen katika katalogi iliyochapishwa mwaka 1970. Kuandika Kiswahili kwa hati hiyo kunahitaji herufi zisizomo katika alfabeti ya Kiarabu yenyewe: پ kwa p, چ kwa ch, ڤ kwa v. Herufi hizo zote zimo katika Unicode, kwa hiyo mzabuni anayesema "tunahudumia Kiarabu" anaweza kuwa mkweli na bado akawa na fonti isiyo na ڤ, au kibodi isiyoiandika, au programu ya kutambua herufi iliyofunzwa kwa magazeti ya Kiarabu pekee, ambayo itaisoma پ kuwa ب na kuleta b badala ya p. Irabu nazo ni mgogoro wa zamani. Kiarabu hakina alama za kawaida za e na o, na waandishi wa Kiswahili wamezitatua kwa namna tofauti. Yahya Ali Omar na P. J. L. Frankl walilipitia tatizo hilo kihistoria na kupendekeza utaratibu wao mwaka 1997. Programu inayoondoa alama za irabu ili kurahisisha utafutaji, kama inavyofanywa kwa Kiarabu, inakiondolea Kiswahili kitu ambacho msomaji hawezi kukirudisha kwa kukisia tu.

Tena kuna unukuzi uliopigwa chapa katika kompyuta za zamani. Faili nyingi za PDF za kipindi hicho hazikuhifadhi herufi za Kiarabu bali maumbo yake ya mwanzo, katikati na mwisho wa neno, ambayo Unicode imeyatengea nafasi zake ili kuafikiana na mifumo ya kale. Baadhi hata zimeyapanga kutoka kushoto kwenda kulia, kama yanavyopakwa kwenye ukurasa. Ukinakili ubeti, unapata herufi zilizogeuzwa. Programu mpya inayapokea mafaili hayo bila malalamiko yoyote. Utangamanifu wake, kwa kipimo cha zabuni, ni kamili.

Niliwahi kuwa mmoja wa wawakilishi wa watumiaji katika taasisi moja iliyokuwa ikichagua programu ya aina hii. Mzabuni alionesha mfumo wake kwa hati alizozileta mwenyewe: ankara, barua na mikataba, zote za Kiingereza na zote zimepigwa chapa vizuri. Tulipoomba ajaribu mafaili yetu, yaliyokuwa katika kijiti cha kumbukumbu, tuliambiwa kwamba jaribio hilo litafanyika baada ya mkataba kusainiwa, katika hatua ya kuhamisha data. Mkataba ukasainiwa. Unukuzi wa tenzi nilioufanyia kazi kwa miaka miwili, wenye maelezo yangu pembeni, uliingia katika mfumo na kubadilishwa kuwa PDF. Maelezo ya pembeni yakabaki nje. Nilikuwa na nakala. Mwenzangu mmoja, mwenye umri wa kunizidi na imani zaidi kwa taasisi, hakuwa nayo. Sisemi kwamba programu ilikuwa mbovu. Ilifanya yote yaliyoandikwa katika mahitaji, na sisi ndio tuliosaini mahitaji yasiyokuwa na neno lolote kuhusu maelezo ya pembeni.

Kuhusu metadata nitasema machache. Msimbo wa lugha ndio unaosahaulika zaidi. ISO 639-3 inatofautisha Kiswahili kama lugha kuu (swa), Kiswahili cha pwani na sanifu (swh) na Kiswahili cha Kongo (swc), na kuna kiwango kingine, ISO 15924, kinachotaja hati iliyotumika, Arab au Latn. Uga wa lugha wenye nafasi ya herufi mbili tu hauwezi kuyabeba hayo. DSpace, programu huria iliyozaliwa mwaka 2002 kwa ushirikiano wa MIT na Hewlett-Packard na inayotumiwa na hazina nyingi za vyuo vikuu, ilikuja na orodha fupi ya lugha za kuchagua isiyokuwa na Kiswahili. Orodha hiyo huhaririwa kwa dakika chache na msimamizi yeyote, kwa kuwa imo katika faili la mipangilio lililo wazi. Katika programu iliyofungwa, kazi hiyohiyo inaweza kuwa ombi la mabadiliko lenye ankara yake. Tofauti hiyo ni ya kiufundi, lakini haitajwi chini ya kichwa cha utangamanifu. Hutajwa, ikitajwa, chini ya leseni.

Yapo mapingamizi mawili yanayostahili kujibiwa. La kwanza ni kwamba mahitaji mahususi namna hii yatapunguza idadi ya wazabuni na kupandisha bei. Ni kweli kwa baadhi yake: kudai utambuzi wa herufi kwa miswada ya mkono ni kudai kisichouzwa. Lakini kusawazisha vibainishi, kutaja daraja ya PDF/A na kupanua uga wa lugha si mahitaji ya anasa. La pili, ambalo nalipa uzito zaidi, ni kwamba wajibu wa kusafisha maandishi ni wa mwandishi na si wa programu. Hoja hii ingekubalika kama tungekuwa tunanunua programu kwa ajili ya maandishi yatakayokuja tu. Hazina zetu zimejaa yaliyokwisha kuandikwa, na baadhi ya waandishi wake hawapo tena wa kuyasafisha.

Ninachokipendekeza kwa hiyo ni jaribio la kwenda na kurudi, lifanyike kabla ya mkataba na kwa mafaili ya mnunuzi. Mafaili machache yenye matatizo yanayojulikana yaingizwe katika mfumo, yatafutwe kwa maneno yaliyopangwa mapema, kisha yatolewe yote pamoja na metadata zake. Faili asilia lililotoka lilinganishwe na lililoingia kwa namba ya uthibitisho inayokokotolewa kutokana na yaliyomo. Namba zikitofautiana hata kwa tarakimu moja, mfumo umeligusa faili, na mzabuni aeleze umeligusa wapi. Metadata zilizotoka zisomwe na mtu asiyekuwa mfanyakazi wa mzabuni, katika programu nyingine. Mkusanyiko wa mafaili ya kujaribia uandaliwe na watu wanaoyasoma maandishi hayo, wala usiachiwe kitengo cha TEHAMA peke yake. Kwa upande wangu, nimekwisha kuandaa mkusanyiko wa awali: ukurasa wenye ng' za aina tatu, ubeti wenye پ, چ na ڤ na irabu zake zote, PDF ya zamani yenye maumbo yaliyogeuzwa, na faili moja lenye maelezo pembeni.