Inkishafi: Imani Isiyonyoosha Kidole

Ndugu zangu waandishi chipukizi, mashairi mengi ya dini tunayoandika ni makaripio matupu. Dunia imeharibika, tubuni! Basi. Msomaji anafunga ukurasa na hofu yake ileile.

Hebu turudi kwenye Al-Inkishafi, utenzi wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir wa Pate, uliotungwa mwanzoni mwa karne ya 19. Wapo wanaosema ni utenzi wa kukata tamaa. Mimi sikubali. Mtunzi anautazama mji uliokuwa wa matajiri ukiwa magofu: majumba yaliyong'aa kwa taa sasa yana popo, na vidaka vya vyombo vya kaure vimegeuka viota vya ndege. Si mchezo, jamani. Lakini hamkaripii jirani. Anausema moyo wake mwenyewe: anauuliza, anaubembeleza, anaukemea. Nao moyo, mkaidi, bado unaipenda dunia.

Hapo ndipo ninapoiona imani. Aliyekata tamaa angenyamaza tu. Habishani na moyo wake.

Kasoro ipo. Mwishoni anaitaja mioto ya Jehanamu mmoja baada ya mwingine, na kwangu haitishi kama yale magofu, maana magofu ametuonyesha kwa macho.

Basi wewe unayeandika huku ukiogopa maradhi, risasi au njaa, usianze na sisi. Anza na moyo wako. Ubishie mbele ya Mungu. Sisi tutasikia.